Simu Isiyo na Tundu

Mimi Winfrida sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na hizi za siku hizi, zilizozibwa kila upande, hazina hata tundu la kuchomeka hedifoni. Mwanangu Castory aliniletea moja Krismasi iliyopita, nikamrudishia mkononi palepale. "Mama, hii ni ya kisasa!" Nikamwambia ya kisasa kaa nayo wewe, mimi nitafutie yenye tundu. Alicheka sana. Acheke tu. Yeye, yule Mrundi wangu Anésie alikuwa anamwona tu akipita na karai la dagaa kichwani, basi. Mimi nilikaa naye.

Nauza dagaa hapa ufukweni Kibirizi tangu sijaolewa. Anésie alinijia mwaka mmoja hivi baada ya wale Warundi kuja wengi, wale wa 2015 waliorundikana Kagunga mpakani mpaka meli ikawa inawafuata huko na kuwaleta mjini, kisha mabasi yakawapandisha kambini. Alikuwa ametoka kambini kimyakimya na binti yake Armelle, wakapanga chumba Katubuka kwa watu wanaojua kunyamaza. Alinikuta nimesimama juu ya dagaa wangu nikiwatukana kunguru. Hakuomba kazi. Aliinama tu akaanza kugeuza dagaa, na nikaona mkono wake unajua. Kwao ni ziwani vilevile, upande ule wa kaskazini, na mama yake alikuwa mwanikaji wa dagaa.

Siku hiyohiyo nilimwita kwa sauti, "Wee mama wa kitenge cha kijani!" Naye akaitika mbio, "Karame!"

"Karame ndiyo nini? Nakuita uje ushike karai, unanijibu karame?"

Akaona haya. Mimi ni Muha, Kirundi nakisikia, lakini hilo nilikuwa sijalitia maanani. Akanieleza kwamba kwao mkubwa akikuita huitiki "nini" wala "nakuja". Unaitika karame, ndiyo kumwambia uishi sana. Mama yake hakuwa na mchezo na jambo hilo. Mtoto aliyeitwa akakaa kimya alikula fimbo, maana kumnyamazia mama, alisema, ni kumtakia kifo.

"Basi mimi nitaishi mpaka nichoke," nikamwambia, "maana nitakuita kutwa nzima."

Ikawa utani wetu. Nilikuwa naweza kumwita bila sababu yoyote, nikiwa nimekaa tu kwenye ndoo nimeishiwa maneno, ili nimsikie akiitika kutoka mwisho wa chanja za kuanikia dagaa. Wanawake wenzangu walisema namdekeza. Wivu tu.

Sasa sikilizeni habari ya redio, maana yote yamo humo.

Anésie alikuwa na simu ndogo ya tochi, imefungwa na mpira ili betri isitoke. Simu ile ilikuwa na redio, lakini redio yake haisemi mpaka uchomeke waya wa hedifoni, kwa kuwa waya ndio unaovuta mawimbi. Ukiuchomoa inanyamaza. Basi yeye aliifunga simu kwenye upindo wa kitenge kifuani, sikio moja ameziba na hedifoni, jingine amelitoa kwa ajili ya kelele zangu. Alikuwa amegundua pia kwamba akiulaza ule waya juu ya wavu wa chanja ya kuanikia, stesheni ya ng'ambo, ya kwao, inaingia safi kabisa. Ndiyo maana kila alasiri ungemkuta kwenye chanja ileile ya mwisho, anageuza dagaa polepole, amefungwa kwenye chanja kwa waya. Kunguru hawakuthubutu kumsogelea.

Muziki hakuujali. Alichokuwa anakingojea ni matangazo. Kwao watu huitana kwa redio: fulani ni mgonjwa, fulani amefariki, watoto wa fulani walioko mbali mnaambiwa mje. Mama yake, Veneranda, alikataa kukimbia. Alisema mihogo yake imekaribia kukomaa na kaburi la mumewe, mzee Ntahomvukiye, haliwezi kubaki peke yake. Simu hakutaka hata kuishika. Mdogo wake Anésie, Irambona, alikuwa na namba, lakini haikupatikana tena tangu tuanze kufahamiana. Lililobaki ni ahadi ambayo mama na mtoto waliwekeana siku ya kuachana. Veneranda alisema: "Siku nikikuhitaji nitakuita kwa redio. Nitasema mtoto wa Ntahomvukiye aliye ng'ambo. Usikilize. Nikikuita usipokuja, nitajua umenitangulia."

Aliniambia maneno hayo zaidi ya mara moja, na kila mara aliyasema vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Safari yenyewe si mbali. Ukipanda boti hapa Kibirizi asubuhi, jioni uko Kagunga, na kutoka pale kwenda kwao ni kutembea tu. Angefika. Alichotakiwa kufanya ni kusikia.

Warundi wengine waliokuwa wanafanya kazi pale walipata habari za kwao kupitia kwake. Hawakuwa wengi, na walikuwa watu wa kukaa chonjo, hawaulizani ovyo mambo barabarani. Mzee Tuyizere, mchukuzi wa magunia, alipita kila jioni kwenye chanja ya mwisho, anasimama kama anayerekebisha kamba ya ndala. "Kwema?" "Kwema." Basi, anaondoka. Yule mzee alikuwa ameanza kufikiria kurudi.

Miaka ikaenda. Armelle alikua, akajifunza kusuka, akaenda Mwanza kufanya kazi saluni. Mtoto ana huruma yule. Akamtumia mama yake simu kubwa, nyembamba, inang'aa, ili wawe wanaonana sura wanapoongea. Mzigo ulikuja na basi, tukaufungua wote pale kwenye chanja, tumefuta mikono kwenye khanga kwanza. Anésie alimwona binti yake kwenye kioo, nywele zimesukwa, anacheka, akaanza kulia na kucheka pamoja. Mimi nikamnyang'anya simu nimsalimie Armelle. "Shikamoo mama Castory!" "Marahaba, mwanangu, umenenepa, wanakulisha nini huko?" Ilikuwa siku nzuri ile, siwezi kusema uongo.

Alipotaka kuchomeka hedifoni zake, akageuza simu huku, akaigeuza kule. Hakuna tundu. Kuna kijitundu kimoja tu cha chaji.

Tukaenda Rusimbi kwa fundi Leodgar. Leodgar ni kijana mchangamfu, anaongea huku ana bisibisi mdomoni. "Mama zangu, simu za sasa zimezibwa. Unachomeka adapta kwenye tundu la chaji, halafu hedifoni unachomeka kwenye adapta." Akatuonyesha kitu chenyewe: kijiwaya kifupi cheupe, huku kina ncha bapa, huku kina tundu la duara. Anésie akakipa jina palepale, akakiita mkia. Kuhusu malipo Leodgar akasema asihangaike, amwachie ile simu ya zamani, yeye atatumia vipuri vyake. Nani angekataa? Betri yenyewe ilishavimba. Leodgar akachomeka mkia, akachomeka hedifoni, akamwekea kwaya ya Kirundi, na Anésie akafumba macho akaanza kutikisa kichwa. "Unasikia?" "Nasikia, kama wameketi humu ndani!" Akamwachia simu ya tochi pamoja na mpira wake.

Kesho yake alasiri alilaza waya kwenye chanja, akafungua redio. Stesheni ya hapa mjini ikaingia, maana mnara wake uko hapo mlimani, ingeingia hata kwenye sufuria. Akatafuta ya ng'ambo. Kelele tupu, shhhh, kama dagaa kwenye mafuta. Akausogeza waya, akauzungusha kwenye nguzo, akapanda juu ya jiwe. Shhhh.

Mtu mwingine angesema simu mbovu. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Lakini simu ilikuwa inaimba kwaya vizuri, ya mjini inaikamata, sasa ubovu uko wapi? Na Anésie alikuwa ametoka mahali ambapo redio ikinyamaza kuna maana yake. Mwaka ule walipokimbia, kitu cha kwanza walichokijua ni hicho: wameamka, redio zimenyamaza, mpaka jioni watu wanafunga vitu kwenye shuka. Alinijia na uso umekwisha rangi.

"Mama Castory, wameifunga tena."

"Nani kafunga nini?"

"Redio ya kwetu. Imezimwa. Kumeharibika huko."

Jamani, nilimwamini. Niseme nini? Yeye ndiye aliyekuwa anajua ya huko. Jioni mzee Tuyizere akapita, akainamia ndala yake, "Kwema?" Anésie akatikisa kichwa. Mzee akaenda zake, na baadaye nikasikia ameshafungua begi alilokuwa amelifunga. Hakuuliza mwingine yeyote. Kwa hofu waliyonayo watu wale, anayeulizauliza anaonekana ana lake jambo.

Anésie aliendelea kujaribu kila alasiri, kisha akawa anajaribu Jumapili tu, kisha akaacha. Mkia alikuwa anauvaa kwa ajili ya kwaya na kuongea na Armelle. Alikonda. Nilimwambia asijitie ugonjwa, vita vikiisha redio itarudi. "Mama akiwa na shida saa hii," akasema, "ataniitia wapi?" Nikamtuma akaanue dagaa, wingu linakuja.

Mvua za masika zikaisha, kiangazi kikaanza, dagaa wakawa wanakauka kwa siku moja. Asubuhi moja Feliksi wa Kagunga akaleta mawese. Ni mfanyabiashara wa siku nyingi, mtu wa kelele, na boti yake inajulikana kwa redio ndogo ya betri aliyoining'iniza kwenye mti wa turubai. Tulikuwa tumeingia majini mpaka magotini tunapokea madumu. Mara Anésie akasimama. Dumu likamponyoka, likaanza kuelea.

Ule wimbo wa kufungulia matangazo, unatoka kwenye redio ya Feliksi. Nami niliujua, kwa jinsi nilivyousikia ukivuja kutoka sikioni mwake miaka yote ile.

"Feliksi," akasema, "wameifungua lini?"

"Nini?"

"Redio."

"Ilifungwa lini?" Feliksi akacheka. "Hiyo mimi nalala nayo, naamka nayo. Haijawahi kunyamaza hata siku moja."

Anésie akashika ubavu wa boti. Akamuuliza, kwa sauti ndogo mno, kama katika masika yote amesikia likitajwa jina la Ntahomvukiye. Feliksi alikuwa bado anatabasamu. Akasema ndiyo, hilo analikumbuka, walilirudia sana. Mtoto wa Ntahomvukiye aliye ng'ambo, mama yako Veneranda ni mgonjwa, anakuita. Mpaka msomaji mwenyewe akawa anaongeza kuwasihi wasikilizaji, anayemfahamu amfikishie.

"Halafu?"

Hapo ndipo Feliksi alipoangalia uso wake vizuri. Akazima redio.

"Halafu wakatangaza maziko," akasema. "Pole, dada yangu. Haki ya Mungu sikujua ni wewe."

Tulimtoa majini mimi na mchukuzi mmoja. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alikaa mchangani na kitenge kimelowa, anarudia neno moja, mawe, mawe, ndivyo wanavyomwita mama kwao, na sisi Waha tunalisikia bila kuhitaji mkalimani.

Mimi hasira zilinipeleka Rusimbi kwa miguu. Nilimtupia Leodgar ule mkia mezani. "Nieleze hiki kimefanya nini!" Kijana wa watu akatoa bisibisi mdomoni. Akaeleza kwamba ile simu ya zamani, waya wa hedifoni ulikuwa unaingia moja kwa moja, ndiyo antena yenyewe. Mkia una kidude ndani kinachogeuza sauti, kwa hiyo sauti inatoka, lakini waya haufiki tena kwenye redio. Ya karibu inaweza kuingia. Ya mbali haiwezi.

"Sasa ulishindwa nini kutuambia?"

"Mama, sikujua anasikiliza ya mbali. Wote wanaonijia wanataka muziki." Macho yalimjaa machozi. Nikashindwa hata kuendelea kumtukana. Simu ya tochi ilikuwa ndani ya kopo, imefunguliwa, kioo chake kimeshakwenda kwa mtu mwingine. Akakaa nayo siku hiyo mpaka ikawaka, na kioo cha kuokoteza chenye ufa. Betri akatoa kwenye simu yake mwenyewe. Nikarudi nayo Katubuka.

Kwa Anésie walikuwa wamejaa majirani, Regina mwenye nyumba amepika uji, hakuna anayekunywa. Nilipompa simu aliishika kwa mikono yote miwili. Nikamwambia twende kwao, nitampeleka mimi hata kesho. Akakataa. Maziko yamepita, alisema, atakwenda siku ya kuganduka. Hiyo kwao ndiyo siku ya kufunga matanga, ukoo wote unakusanyika, wa mbali wanaitwa kwa redio, watu wanaoga msiba na kuendelea na maisha. Kwenye maziko hakuwepo. Kwenye kuganduka atakuwepo, atasimama mbele ya ndugu, aseme kilichomzuia.

"Lakini, mama Castory, amekufa akijua nimemtangulia."

"Hapana. Mama hawezi kuamini jambo kama hilo."

"Alisema."

"Watu husema mengi wakiagana. Alijua tu umekwama." Nilisema hivyo kwa moyo wote. Nilitaka iwe hivyo.

Akarudi kwenye chanja ya mwisho. Mzee Tuyizere naye akarudi kupita, akaambiwa ukweli, akavua kofia, akampa mkono. Wiki ile alifunga begi lake tena na safari hii akaenda kweli. Anésie alisikiliza kila alasiri, hakosi, hata siku za homa. Nami nikawa namsogelea saa ya matangazo. Tuligawana hedifoni, sikio moja lake, moja langu, waya umelala kwenye wavu, dagaa wanatunukia chini ya pua.

Ndivyo tulivyokuwa siku lilipotangazwa. Msomaji alikuwa mwanamke, ana sauti ya taratibu. Alisema ukoo wa marehemu Ntahomvukiye unawaalika ndugu, jamaa na marafiki kwenye kuganduka. Akataja siku na mlima wao, maana kwao kijiji hutajwa kwa mlima. Nikamminya Anésie mkono: siku tumeipata. Kisha yule mwanamke akaendelea, kwa sauti ileile, kwamba watafunga msiba wa mama yao mpendwa Veneranda, pamoja na msiba wa binti yake Anésie, aliyefia ukimbizini ng'ambo ya ziwa. Aliyetoa tangazo ni Irambona, mtoto pekee aliyebaki.

Nikatoa hedifoni sikioni. Ningekuwa na uwezo ningeitoa na ya kwake, lakini alikuwa ameibana kwa kidole.

"Anésie," nikasema. "Anésie, nenda. Panda boti kesho, wakuone u hai. Irambona atarukaruka kwa furaha."

"Nitakwenda." Alikuwa ananiangalia bila kuniona. "Irambona atafurahi. Lakini aliyekuwa anataka kujua, nitamwambia nini? Aliniita masika yote, mama Castory. Mimi nilikuwa nasikiliza kwaya."

Zile hedifoni zake zina kile kidude kidogo kwenye waya, cha kuongelea unapopigiwa simu. Niliona anapapasa waya akikitafuta. Akakipata, akakileta mdomoni. Tangazo lilikuwa limekwisha, yule mwanamke ameingia kwenye habari ya ng'ombe aliyepotea. Nilitaka kumwambia kwamba kile hakipeleki sauti popote, redio ni ya kusikiliza tu, hakuna anayemsikia huko. Alikuwa anajua. Miaka yote ile alikuwa anajua redio kuliko sisi sote.

Akainama juu ya dagaa, akaitika kwa sauti ya mtoto aliyeitwa kutoka uani.

"Karame, mawe," akasema. "Karame."